KAMAA NA YARBUU: SIRI MBILI ZA CHINI YA UDONGO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu ya mara hii ni juu ya vitu viwili vidogo vya jangwani. Kimoja ni katika jinsi ya uyoga, na cha pili ni mnyama mdogo mwenye kuchimba ardhi. Huenda msomaji akauliza: Uyoga na panya wa jangwani wana khabari gani na dini? Jibu letu ni kwamba Waarabu wa zamani waliishi na vitu hivi, wakavitazama kwa makini, na wakachukua kwavyo maneno yaliyoingia katika lugha ambayo Kurani imeteremshwa kwayo. Moja katika maneno hayo ni neno zito mno, nalo ni neno mnafiki. Sisi watu wa pwani twalitamka kila siku, twatupiana barazani kama kokoto, na wachache wetu ndio wanaojua lilikotoka. Lau tungelijua, pengine tungeliogopa zaidi kwa nafsi zetu kuliko tunavyolitumia kwa wenzetu.

KAMAA

Kamaa ni namna ya uyoga, lakini si kama uyoga tuujuao sisi, ule uotao juu ya vichuguu baada ya mvua ukafungua mwavuli wake. Kamaa haina mwavuli, wala haina shina, wala haina jani. Ni tonge tu, mfano wa kiazi, nyingine nyeupe na nyingine ya rangi ya udongo, na hukaa chini ya mchanga kiasi cha vidole vichache. Watu wa nchi za Ghuba huiita fagaa, na ikifika msimu wake hutoka kwa jamaa zao kwenda jangwani kuitafuta, na sokoni huuzwa kwa bei kubwa.

Hakuna aipandaye. Hungoja mvua za mwanzo wa msimu wa baridi, na Waarabu walipoona kwamba huwa nyingi katika mwaka wa ngurumo nyingi, waliiita mmea wa radi. Wenye elimu ya mimea wa zama zetu wametubainishia zaidi: kamaa huishi kwa kushikana na mizizi ya vijiti vidogo vya jangwani. Nyuzi zake nyembamba huisaidia mizizi ile kupata maji na chakula cha ardhi, na kile kijiti nacho huipa kamaa sukari aliyoitengeneza kwa jua. Kila mmoja hula kwa mwenziwe bila ya kumdhulumu. Na kwa kuwa kamaa imezikwa, haiwezi kutawanya mbegu zake kwa upepo kama uyoga mwingine. Basi Mwenyezi Mungu ameipa harufu, na wanyama huifuata, wakaichimba, wakaila, wakazieneza mbegu zake pasipo kujua.

Mtafutaji aijuaje mahali ilipo? Huijua kwa alama moja. Kamaa inapokua, huusukuma mchanga ulio juu yake, na mchanga ukavimba kidogo na kupasuka. Mwenye jicho zoefu huuona ufa ule, akachimba, akatoa riziki.

Kuna hadithi sahihi juu ya kamaa, waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa njia ya Said bin Zaid, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Ndani yake Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kamaa ni katika manna, na kwamba maji yake ni dawa ya macho. Na katika mapokezi ya Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira imekuja kwamba baadhi ya watu walikuwa wakiibeza kamaa, wakaifananisha na ndui iliyoitoka ardhi kwa vile ilivyo na sura ya vivimbe. Na Mtume akawajibu kwa maneno hayo. Wao walitazama sura wakaitukana, naye akatazama asili yake, kwamba ni riziki iliyokuja bila ya jasho la mtu, kama manna waliyoteremshiwa Wana wa Israili.

Hapa hatuna budi kusema neno la tahadhari. Wako watu wakisikia hadithi hii hudhani kwamba maji ya uyoga wowote hutiwa machoni. Hilo ni kosa kubwa. Hadithi imetaja kamaa, haikutaja kila kiotacho baada ya mvua, na katika uyoga upo wenye sumu ya kuua. Maulamaa wenyewe wamejadiliana kama maji ya kamaa hutumiwa matupu au huchanganywa na dawa nyingine, na Imamu Nawawi ametaja kwamba katika zama zake alimwona mtu aliyetibiwa kwayo akaona. Wataalamu wa siku hizi nao wameyajaribu maji ya kamaa katika maabara, wakaona kuwa huzuia baadhi ya vijidudu vya maradhi. Yote hayo ni khabari njema kwa mwenye imani. Lakini mwenye jicho bovu aende kwa tabibu ajuaye kazi yake, kwani kutafuta dawa nako kumeamrishwa, na jicho likishaharibiwa na mjinga halirudi.

YARBUU

Yarbuu ni mnyama wa jamii ya panya. Mwili wake hauzidi shubiri, na mkia wake ni mrefu kuupita mwili, wenye kishungi cha manyoya nchani. Miguu yake ya mbele ni mifupi sana na ya nyuma ni mirefu mno, basi huenda kwa kuruka. Bara ya Kenya yuko mnyama aitwaye kamendegere ambaye naye huruka hivyo na kukaa mashimoni, ila yeye ni mkubwa zaidi. Yarbuu hutoka usiku kutafuta mbegu na majani, na mchana hujifungia shimoni akaziba mlango kwa udongo, apate kujikinga na joto na adui. Maji ya kunywa hana haja nayo sana, kwani yaliyomo katika chakula chake humtosha.

Kuhusu kumla, maulamaa wamekhitalifiana. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, yarbuu ni halali. Na katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa haliwi. Na katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kwamba Sayyidna Umar alihukumu kuwa mwenye kuhirimia akimwua yarbuu, fidia yake ni mwana-mbuzi jike wa miezi minne hivi aliyekwisha kuachishwa ziwa.

Lakini kilichotuleta kwa yarbuu ni nyumba yake. Waarabu waliipa kila tundu ya nyumba hiyo jina lake. Tundu aingiliayo, ionekanayo na watu, huitwa kasiaa. Na iko tundu nyingine iitwayo nafikaa. Hii yarbuu huichimba kutoka ndani kwenda juu, na akikaribia usoni pa ardhi huacha kuchimba, akabakisha utando mwembamba wa udongo. Mwenye kupita juu yake huona ardhi iliyo sawa kama ardhi nyingine. Mwindaji akija akaingiza fimbo katika kasiaa, yarbuu hukimbilia nafikaa, akaupiga ule utando kwa kichwa chake, akatoka na kwenda zake, huku mwindaji angali ameinama mlangoni. Wachunguzi wa wanyama wa zama zetu nao wamethibitisha kuwa mashimo ya yarbuu yana milango ya dharura ya namna hiyo, iishiayo chini kidogo ya uso wa ardhi.

Wanazuoni wa lugha wamesema kwamba kutoka katika nafikaa hiyo ndipo lilipotoka neno nifaki, nasi kwa Kiswahili twasema unafiki. Wengine wamelirudisha kwenye nafak, yaani njia ipitayo chini ya ardhi, na maana hazipishani sana. Mnafiki ni mtu aliyeingia katika Uislamu kwa mlango unaoonekana na watu, na moyoni mwake ameshachimba mlango mwingine wa kutokea. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amewaeleza kwamba wakikutana na walioamini husema, nasi tumeamini. Na wakiwa peke yao na wakubwa wao wa shari huwaambia kuwa wao ni pamoja nao, na kwamba kule walikuwa wakifanya mzaha tu. Wazee wetu wa pwani nao, bila ya kumwona yarbuu, walilipata neno lao: ndumakuwili, kwa mfano wa nyoka asiyetambulikana kichwa chake ni kipi na mkia wake ni upi.

WAPI VINAFANANA NA WAPI VINATENGANA

Sasa na tuviweke viwili hivi pamoja. Vyote viwili ni vya jangwa moja. Vyote viwili vimefunikwa na mchanga ule ule, na apitaye juu yao haoni kitu. Hata jina la kamaa lina maana ya kujificha, kwani wanazuoni wa lugha wamesema kuwa imeitwa hivyo kwa sababu ya kusitirika kwake.

Lakini tazama kila kimoja kimejificha kwa ajili ya nini. Kamaa imejificha na ndani yake mna chakula na dawa. Na inapokomaa huupasua udongo kwa ajili ya mwenye njaa. Udongo wa nafikaa pia hupasuka, lakini hupasuka ili aliyekuwa ndani akimbie. Ufa wa kamaa humwambia mtafutaji, njoo upate riziki yako. Ufa wa nafikaa humwambia, umechelewa.

Wala tusimtukane yarbuu. Yeye hana dhambi, na mlango wake wa pili ni hekima aliyopewa na Muumba wake ili aiokoe roho yake. Aibu ni ya mwanadamu aliyepewa akili na ahadi, kisha akaishi na wenziwe kama yarbuu anavyoishi na mwindaji, akawahesabu ndugu zake Waislamu wote kuwa ni watu wa kukimbiwa.

KUFICHA KWEMA NA KUFICHA KUBAYA

Kutokana na mifano hii miwili twapata kanuni: kuficha peke yake si kwema wala si kubaya. Ubora wake na uovu wake hufuata kile kilichofichwa na haki ya nani imo ndani yake.

Sadaka kuitoa kwa siri ni bora, kama ilivyokuja katika Sura ya Al-Baqara. Na katika wale saba watakaopata kivuli siku isiyokuwa na kivuli ila cha Mwenyezi Mungu, yumo aliyetoa kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue uliyoyatoa wa kulia. Hiyo ndiyo kamaa. Mwanamke ampelekeaye jirani yake kibaba cha unga kabla ya watu kuamka. Mwenye duka aifutaye katika daftari deni ya mjane bila ya kumwambia mtu. Ndugu amwombeaye dua ndugu yake waliyegombana. Hao wote wana tonge zao chini ya mchanga, na iko siku ardhi itapasuka.

Ushahidi, kinyume chake, hauruhusiwi kufichwa, na katika sura hiyo hiyo imeelezwa kwamba mwenye kuuficha moyo wake ni wenye dhambi. Nao Waarabu wametumia tendo la shina lile lile la kamaa kwa mtu aufichaye ushahidi. Basi shina moja la neno limechukua sifa na lawama, ili tujue kuwa kinachopimwa ni kilichomo.

Hapa zipo hoja mbili zisemwazo sana katika miji yetu, na zote mbili ni potofu.

Hoja ya kwanza ni ya yule anayefanya maasi hadharani, na akikatazwa husema: Mimi si mnafiki, mimi sifichi. Huyu amedhani kwamba dawa ya unafiki ni kuivua haya. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa umma wake wote hutarajiwa kusamehewa ila wenye kuyatangaza maovu yao, na mfano wake ni mtu aliyesitiriwa na Mola wake usiku, naye asubuhi akaifunua sitara ile kwa kuwasimulia wenziwe. Mwenye dhambi ya siri aionaye haya na kuitubia hajachimba mlango wa nyuma. Amejifunika nguo aliyofunikwa na Mola wake. Mlango wa nyuma ni kuvaa sura ya wema ili upate kuwadhuru watu au kuwala mali zao.

Hoja ya pili ni ya yule asiyeswali wala hatoi zaka, na akiulizwa hupiga kifua akasema: Imani yangu imo moyoni. Twamwambia: Ndugu yetu, hata kamaa imo ardhini, lakini mchanga huvimba. Kama kweli ndani muna kitu, hapana budi ufa uonekane. Ikhlasi ni kuificha amali isitafute sifa za watu; si kuificha amali hata isiwepo.

MILANGO YA NYUMA KATIKA MIJI YETU

Mtume (S.A.W.) hakutuacha na mfano mtupu. Katika hadithi ya Abdullah bin Amr iliyomo katika Bukhari na Muslim ametaja mambo manne, ambayo aliyekuwa nayo yote ni mnafiki khalisi, na aliyekuwa na moja ana tawi la unafiki mpaka aliache: akiaminiwa hukhini, akizungumza husema uwongo, akiahidi huvunja, na akigombana hupita mipaka. Maulamaa wamebainisha kuwa huu ni unafiki wa amali, haumtoi mtu katika Uislamu. Ule wa itikadi ndio ambao mwenye kufa nao amewekewa tabaka ya chini kabisa ya Moto, kama ilivyo katika Sura ya An-Nisaa. Lakini nani miongoni mwetu atakayeridhika na tawi la mti ule?

Na tuyatazame mambo yetu wenyewe. Mtu hukopa mbele ya mashahidi, akaapa kulipa, na kabla ya kukopa amekwisha kuiandika nyumba yake kwa jina la mwanawe ili mdai asipate pa kushika. Kasiaa yake ni kile kiapo, na nafikaa yake ni ile hati. Ndugu mkubwa hukaa na wenziwe kugawa mirathi ya baba yao, akasoma Fatiha pamoja nao, na karatasi ya shamba imo sandukuni kwake. Mjumbe katika kamati ya madrasa hukubali jambo mbele ya mkutano, na akitoka huenda nyumba kwa nyumba kulibomoa. Mwanamume hupeleka posa kwa watu, akaahidi na kusifu, hali yake ajua kwamba hana nia. Mzee wa mtaa humwamini kijana amana ya mayatima, na kila mwezi huonyeshwa hesabu safi iliyoandikwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu.

Na sisi tulio katika darsa na mimbari hatuko mbali. Mwalimu akikemea riba kwa sauti kubwa, na mizani ya duka lake imepunguzwa. Au akieneza elimu ili asifiwe kwa ufasaha wake. Huyo naye ana tundu yake. Katika zama za Mtume wanafiki walijenga hata msikiti, na Kurani ikaeleza katika Sura ya At-Tawba kwamba waliujenga kwa kudhuru na kuwafarikisha waumini. Ikiwa msikiti waweza kuwa mlango wa nyuma, basi kitabu, kilemba na ndevu navyo vyaweza.

Na jambo moja la ajabu katika lugha: neno nafaka tulitumialo kwa mchele na mahindi asili yake ni nafaka ya Kiarabu, yaani matumizi na masurufu, na shina lake ni herufi zile zile za unafiki. Katika Sura ya Al-Munafiqun maana hizo mbili zimekutana. Wanafiki wameelezwa kuwa walikatazana kuwapa matumizi watu walio pamoja na Mtume, ili watawanyike. Na mwisho wa sura hiyo waumini wameamrishwa kutoa katika waliyoruzukiwa kabla ya mauti kuwafikia. Tundu zote mbili zina njia ya kutokea: kwa muumini, mali hutoka ikaenda kwa mwenye haja, kwa mnafiki, mwenyewe hutoka ikabaki haki ya watu.

TUJICHIMBE WENYEWE

Haifai baada ya darsa hii mtu atoke akaanza kuhesabu mayarbuu wa mtaani. Sayyidna Umar bin Khattab, pamoja na daraja yake, amepokewa kuwa alimwuliza Hudhaifa, aliyekuwa mshika siri ya Mtume, kama yeye ametajwa miongoni mwa wanafiki. Na Ibn Abi Mulaika, katika wanafunzi wa masahaba, amesema kuwa aliwadiriki masahaba thelathini, na kila mmoja akiuogopea unafiki nafsi yake. Hao walijiogopea wao. Sisi twajisalimisha wenyewe na kuwahukumu wengine. Na Usama bin Zaid alipomwua vitani mtu aliyekwisha kuitamka shahada, kwa kudhani kuwa aliitamka kwa khofu ya silaha, Mtume alimlaumu vikali, akamwuliza kama aliupasua moyo wake akaona yaliyomo. Mioyo ya watu si ardhi yetu ya kuchimba. Ardhi tuliyopewa ni moja, nayo ni nafsi zetu.

Basi usiku huu, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na ajiulize mambo matatu. Nina wema gani ambao hakuna aujuaye ila Mola wangu? Ikiwa hakuna, na auanze kesho kabla ya adhuhuri, ujapokuwa ni kitu kidogo. Nina mlango gani wa nyuma katika ahadi zangu, deni zangu na amana nilizopewa? Ukiwapo, na auzibe kwa kulipa, au kwa kukiri, au kwa kumrudishia mwenye haki hati yake. Na la tatu: nani nimemwita mnafiki bila ya kuupasua moyo wake? Na amwombe radhi.

Mwenyezi Mungu aijaalie mioyo yetu iwe ardhi yenye kheri iliyositirika, atufungie milango ya khiyana, na atufanye tuwe ndani kama tulivyo nje, na ndani bora zaidi. Amin. Wabillahi taufik.